Ringi Nilizompimia Baba

Nina umri wa miaka arobaini na moja, mama wa mtoto mmoja wa kike, na kazi yangu ni kufungua na kufunga injini za magari. Naishi Uyole, Mbeya, kandokando ya barabara kuu. Haya ninayowasimulia yamenipata mimi mwenyewe, na sitaki mnionee huruma. Huruma nilishaonewa vya kutosha, tena na mtu yule yule aliyenizamisha.

Mtu huyo alikuwa mume wangu. Namwita Festo. Wenye jina hilo wanisamehe, maana najua si wote wako hivyo.

Tulikutana chuo cha ufundi. Yeye Mhehe, kwao ni vijiji vya jirani na Tosamaganga. Mimi Mnyakyusa, binti wa dereva wa malori. Festo alikuwa na kipaji kimoja tu, nacho ni mdomo. Mwalimu akimuuliza kuhusu injini, alijibu kirefu bila kuligusa swali, na mwalimu akabaki anatikisa kichwa kama mtu aliyeelimika. Mimi binti mdogo nikasema moyoni, huyu ana akili. Kumbe kuna watu ambao akili yao yote inaishia kwenye kuficha kwamba hawana akili...

Tulioana, tukafungua gereji hapa Uyole. Hatukugawana kazi, kazi zilijigawa zenyewe. Mimi nikawa chini ya gari, yeye akawa mbele ya mteja. Ovaroli yangu ilisimama yenyewe kwa oili. Ya kwake ilikuwa na mkunjo wa pasi, na kalamu mbili mfukoni ambazo sikuwahi kuziona zikiandika chochote. Wateja walimwita Injinia, naye aliitika.

Gari likitoka linanguruma vizuri, alikuwa analipiga boneti kwa kiganja na kusema, "Hii nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe."

Mikono ipi? Ile iliyokuwa laini kuliko ya mwanangu?

Nilimwacha aseme. Mume na mke ni kitu kimoja, nilijisemea, sifa ikimwangukia yeye imeangukia nyumbani kwetu. Kanisani tulifundishwa hivyo. Hatukufundishwa kwamba kuna waume ambao sifa zote ni zao na lawama zote ni za wake zao.

Sasa niwaeleze kidogo kuhusu ringi, maana bila hizo hamtaelewa ukubwa wa uovu alionifanyia.

Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka kwenye silinda. Kila pistoni imevishwa ringi, vipete vyembamba vya chuma vinavyobana ukuta wa silinda ili moto usivuje chini wala oili isipande juu. Ringi si duara kamili. Imekatwa mahali pamoja, na hapo miisho yake miwili lazima iachiane nafasi, nyembamba sana, kama theluthi ya milimita kwa injini nitakayoisimulia. Kwa nini? Kwa sababu injini ikipata moto, ringi inarefuka. Ukiacha nafasi kubwa mno, gari litatoa moshi na kunywa oili. Ukiiacha ndogo mno, miisho itakutana, itasukumana, na ringi itajikandamiza kwenye ukuta mpaka pistoni ing'ang'anie hapo hapo ilipo. Mafundi tunasema injini imenoki.

Kwa hiyo ringi mpya haitolewi tu boksini na kuvishwa. Unaiingiza kwenye silinda yake bila pistoni, unaisukuma ikae sawasawa, kisha unapitisha bamba la kupimia kati ya miisho ile miwili, lile tunaloliita fila. Kama bamba halipiti, unakwenda kwenye tupa, unasaga mwisho mmoja wa ringi kidogo sana, unarudi, unapima tena. Kidogo, unapima. Kidogo, unapima. Ukizidisha, umeshaiharibu. Ni kazi ya subira, na ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Mimi husaga mwisho mmoja tu, wa kushoto, halafu nalainisha ukingo wake kwa jiwe la oili. Wa kulia siugusi. Ndivyo nilivyozoea tangu chuo.

Festo aliiita kazi hiyo "kusuka ukili", kama ya bibi wa mikeka. Alisema wateja hawalipii vitu wasivyoviona.

Baba yangu alipostaafu ulori alinunua pikapu kuukuu, akawa anachukua mchele Chimala na kuuleta sokoni Uyole. Ilipoanza kutoa moshi wa bluu, aliileta gerejini. Festo alikwenda kumpokea kwa maneno yake ya kalamu mbili. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka kwangu.

"Atupele, ifungue wewe," alisema. "Humo ndani sitaki mkono mwingine."

Festo akacheka. Nilikiona kile kicheko kilivyoishia mdomoni bila kufika machoni, nikadhani ni aibu ndogo ya mwanamume, itapita.

Juma lile lile iliingia pikapu nyingine, pacha wa ile ya baba, injini moja kabisa. Festo alisema ni ya mteja wake wa Iringa, mfanyabiashara, mtu wa muhimu. Zote mbili zikapelekwa mjini kuchongwa silinda kwa saizi ileile, na maboksi mawili ya ringi yakaja, yanafanana kama mayai.

Nilianza na za baba. Nilizipima moja moja, nikazisaga, nikazipanga juu ya kitambaa cha bluu kwa kufuata silinda zake. Sijui kama mnaweza kunielewa nikisema nilikuwa na furaha. Nilikuwa namfungia baba yangu injini.

Kabla sijagusa boksi la pili, simu ikaja kutoka Tukuyu. Mama mdogo, aliyenilea nilipokuwa nasoma na aliyekuwa akiugua siku zile, amefariki.

Nikamwambia Festo, "Baba Neema, hizi za kwenye kitambaa ni za baba, ziko tayari. Hizi za boksini ni za huyu mtu wa Iringa. Usizifunge, bado sijazipima. Asubiri nirudi."

"Nenda kamzike mama yako," alinijibu. "Mimi si mtoto."

Nikaenda. Niliporudi, gari la Iringa lilikuwa limeshaondoka na injini ya baba ilikuwa imefungwa tayari. Nilimuuliza kuhusu zile za boksini. Akasema amezipima mwenyewe zote, mteja alikuwa na haraka, kwani mimi nadhani ni peke yangu niliyesoma? Nikamuuliza za baba. Akasema, "Si uliziacha pale kwenye kitambaa? Nimezifunga zile zile."

Alinitazama machoni akisema hivyo. Nimewaza sana juu ya yale macho. Mtu akikudanganya huku anaangalia pembeni, bado ana kijisehemu cha utu. Yule alinitazama usoni, akainua kikombe, akanywa chai.

Tukaliwasha gari la baba, likaunguruma vizuri. Injini ya baridi haisemi siri zake. Baba akaanza na safari fupi fupi za mzigo mwepesi, kama nilivyomwelekeza, ili ringi zizoeane na silinda. Halafu siku moja akajaza mchele Chimala, akaanza kurudi.

Wanaoijua njia ile wanajua milima ya Inyala. Jua lilikuwa kali, mzigo umejaa, injini imechemka. Katikati ya mlima ikanoki. Magurudumu ya nyuma yakakakamaa. Baba akakanyaga klachi ili gari lisipinduke barabarani, na gari likaanza kurudi nyuma. Injini ikizima, breki nazo hukosa nguvu, na mguu wa mzee una kikomo chake. Alipoona lori linapanda nyuma yake, akakata usukani kuelekea mtaroni kwa makusudi, asiwagonge waliokuwa kwenye lori lile.

Pikapu ikamlalia mguu wa kulia. Hospitalini wakaukata chini ya goti.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi, mama, kaka yangu Ambakisye, baba mkubwa na mimi, wakati Festo alipokuja kutoka kuliangalia gari. Alisimama mbele yetu, akavua kofia. Nilidhani anataka kutufariji.

"Ni ringi," alisema kwa sauti ya msiba. "Zilibana. Alizipima Mama Neema." Kisha akaniwekea mkono begani. "Lakini naomba msimlaumu. Alikuwa na mawazo ya kuuguliwa kule Tukuyu. Binadamu tunakosea."

Mmeona ustadi huo? Hakunishtaki. Aliniombea msamaha. Alinivisha kosa lake kama mtu anayemvisha mwenzake koti wakati wa baridi, na ndugu zangu wakaona jinsi alivyo mwema.

Mama alinitazama, akainamisha kichwa. Baba mkubwa akasema, "Mkwe, wewe una moyo." Hata mimi... hata mimi niliamini. Nilizitazama kucha zangu zenye oili, nikajiuliza, je, ringi moja ilikaa upande upande nilipokuwa napima? Je, fila ilinidanganya? Mtu anayefanya kazi kwa kupima huwa anajishuku mwenyewe kwanza. Festo hajawahi kupima chochote, ndiyo maana hajawahi kujishuku.

Nilitaka kuifungua ile injini. Gari lilikuwa limevutwa mpaka nyumbani kwa baba, likafunikwa turubai nyuma ya jiko. Festo akanizuia. Akasema nitajiumiza roho, na ndugu zangu watasema naenda kuficha ushahidi. Akamwambia Ambakisye asiniruhusu kulikaribia. Kaka yangu alikuwa na hasira, akakubali upesi.

Baba alirudi nyumbani na magongo. Nilikuwa nampelekea chakula. Alikuwa anasema, "Weka hapo." Basi. Hakunitukana, hakunifukuza. Angenitukana ningepata pa kulilia. Yeye alisema tu weka hapo, akageukia ukutani.

Nikaacha ufundi. Nikaanza kuuza viazi sokoni Uyole, na pale sokoni watu walikuwa wananionyesha kwa midomo: ndiye yule aliyemkata baba yake mguu.

Na mume wangu? Mume wangu alikuwa ananisamehe. Kila siku alinisamehe, mbele ya wageni, mezani, hata tukitoka ibadani. "Mimi nimeshamsamehe," aliwaambia watu, kama vile mguu ulikuwa wake. Halafu akasema gereji ya Uyole imeharibika jina kwa sababu yangu, akapakia vifaa vyote akavihamishia Iringa mjini. Alichukua mpaka fila yangu, ambayo nina hakika hajui inafunguliwa upande gani. Akawa anakuja Uyole kwa msimu, kama mvua.

Mimi nilibaki namshukuru kwa kutoniacha. Mnacheka? Chekeni. Na mimi nimeshacheka.

Siku moja asubuhi ikasimama pikapu mbele ya meza yangu ya viazi. Kabla sijamwona dereva niliusikia muungurumo. Ulikuwa laini, umetulia, kila silinda inapokea mwenzake vizuri. Nilijikuta nimesimama. Akashuka mama wa makamo, amejifunga kitenge kizuri, akanisalimu "Kamwene" kama wanavyosalimiana Wahehe, akaomba viazi vya gunia.

Nikamwambia, "Dada, gari lako lina injini nzuri. Nani amekufungia?"

Akatabasamu. Alisema anaitwa Oliva, anauza vitunguu na viazi Iringa, na injini ile alifungiwa hapa hapa Uyole na Injinia Festo, ambaye sasa yuko Iringa. Akaongeza, kwa haya kidogo, kwamba wanatarajia kufunga ndoa, kwa kuwa injinia ni mjane. Mkewe marehemu naye alikuwa fundi, alisema, maskini, alifariki Tukuyu.

Nilikuwa nimeshika kiazi. Nikakiweka chini.

"Dada Oliva," nikamwambia, "huyo marehemu ni mimi."

Hakupiga kelele. Alinitazama kwa muda, akatazama mikono yangu, akavuta gunia tupu akaketi juu yake. Akaniuliza jina la mtoto wangu. Nikamwambia Neema. Akafumba macho, kwa sababu Festo alikuwa ameshamwonyesha picha ya Neema na kumwambia ni yatima wa mama.

Ningeweza kumchukia mwanamke yule, na nilijaribu. Lakini aliyetupanga foleni ni mmoja, na yeye Oliva alikuwa mbele yangu analia bila sauti, wala hakutafuta neno la kujitetea.

Ndipo nikamuuliza kuhusu injini. Nikamwomba anieleze alivyoikuta siku alipokuja kuichukua.

"Ilikuwa bado anaifunga," alisema. "Nilikuwa na mzigo unaoza Iringa, nikamsukuma sana. Alikuwa anachukua ringi kwenye kitambaa, kitambaa cha bluu. Nikamuuliza, hizo si za gari lile jingine? Maana niliona ametoka nacho kule. Akasema hizi zimeshapimwa, tusipoteze muda. Nikamuuliza, na hilo gari je? Akasema ni la mzee mmoja, atalifungia za boksini. Akacheka. Akasema, mzee haendi mbio."

Mzee haendi mbio...

Wasomaji wangu, nimewahi kusikia matusi ya gereji ya kila aina, ya mafundi wa Tunduma, ya utingo waliolala njiani. Sijawahi kusikia tusi kama hilo. Alijua. Alikuwa na kifaa cha kupimia mezani na tupa iliyobanwa kwenye jiliwa, na kazi yenyewe ingemchukua mchana mmoja tu. Akaona uvivu. Akampa hawara yake kazi ya mikono yangu, na baba yangu akampa bahati nasibu.

Nilifunga meza. Nikamwomba Oliva anipeleke kwa baba kwa gari lile lile, naye akakubali.

Ambakisye alikuwa uani. Nikamwambia lete spana, leo naifungua injini. Alianza kukataa, Oliva akamweleza aliyoniambia mimi. Kaka yangu akaenda kuchukua spana. Tukaondoa turubai. Boliti zilikuwa zimeshika kutu, tulihangaika nazo mpaka jua likawa utosini. Baba alitoka kwa magongo yake, akakaa kwenye kiti karibu na mlango wa jiko, anatazama.

Pistoni ya kwanza haikutaka kutoka, ikabidi tuigonge kwa gogo. Ilipotoka nilijua hata kabla sijaifuta. Ringi zilikuwa zimeukwaruza ukuta wa silinda kama makucha. Nikazivua, nikazisafisha kwa mafuta ya taa, nikaziweka kiganjani. Miisho yote miwili ilikuwa inang'aa na imebondeka, kama kichwa cha msumari uliogongwa sana. Zilikuwa zimekutana na kusukumana. Na mwisho wa kushoto haukuwa na alama ya tupa wala ukingo uliolainishwa kwa jiwe. Hakuna hata ringi moja kati ya zote iliyokuwa imepita mkononi mwangu.

Nikampelekea baba. Yeye si fundi, ila amekaa na magari maisha yake yote. Nikampa ringi ya gari lake, nikamweleza pa kutazama. Alipitisha kidole gumba kwenye ule mwisho, taratibu, mara kadhaa.

"Hii hukuisaga wewe," alisema.

"Hapana, baba."

"Na mimi nikakwambia weka hapo."

Halafu akaniambia, "Ndaga, mwanangu," ambalo kwetu ni neno la shukrani na la pole kwa pamoja, na sijui alikusudia lipi. Nilikaa chini, nikaegemea kiti chake. Mama alitoka jikoni na chai.

Ambakisye ndiye aliyempigia Festo, akamwambia aje, kuna kikao cha familia. Alikuja siku iliyofuata na viatu vilivyopigwa dawa, akijua anakuja kunisamehe tena. Alipomwona Oliva amekaa mkekani pamoja na mama, mguu mmoja ukabaki nje ya kizingiti.

Baba mkubwa alikuwepo, na wazee wawili wa kanisa. Baba akaweka ringi mezani.

"Hizi za gari langu," alisema, "ulizipima?"

Festo alianza kueleza. Alieleza kuhusu ubora wa spea za siku hizi, joto la Chimala, oili feki, na mahitaji ya wateja. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kama siku ile gerejini.

"Nimekuuliza kama ulizipima."

"Baba," alisema Festo, "ringi ni ringi."

Mmoja wa wazee wa kanisa alitazama mguu wa baba, pale suruali ilipofungwa fundo, kisha akatazama chini. Oliva akasimama, akamuuliza Festo jambo moja tu: mkewe marehemu alizikwa wapi? Yule msemaji, yule injinia wa mdomo, akakosa maneno. Miaka yote niliyoishi naye ndiyo mara ya kwanza niliona hana la kusema. Akalia. Alilia vizuri sana, kwa mpangilio, anafuta jicho moja kisha lingine. Baba mkubwa, ambaye alimwita mkwe mwenye moyo, akamwonyesha mlango kwa kidevu.

Baadaye alituma wazee. Wakaja na yale maneno ya yaliyopita si ndwele. Niliwauliza kama kati yao kuna mwenye mguu wa ziada. Wakaaga. Ndoa yetu ilikwisha kwa taratibu zake, sitawachosha nazo. Oliva naye alimkataa, na vifaa vyangu yeye ndiye aliyevipakia kwenye pikapu yake na kuniletea Uyole, na fila ikiwa juu kabisa. Mpaka leo akipita kununua viazi analala kwangu.

Nimefungua gereji tena. Sokoni walionionyesha kwa midomo sasa wanamnyooshea Festo, nami siwasikilizi, maana midomo hiyo hiyo ndiyo iliyonimaliza. Baba huja kukaa kwenye benchi la gereji asubuhi, anaongea na wateja. Mguu haukurudi, wala kazi yake ya mchele. Hayo hayarudi hata ukweli ukijulikana, na wala msidanganyane.

Mwezi uliopita simu yangu iliita. Namba ngeni, sauti ninayoijua. Festo. Bado ana kijigereji Iringa, watu bado wanamwita Injinia. Hakusalimu sana. Alishusha sauti, nikasikia nyuma yake mteja akiuliza gari litakuwa tayari lini.

"Mama Neema," alisema, "samahani. Nina injini ya Kosta ya shule hapa. Ringi ya juu inaachiwa nafasi kiasi gani?"

Niliangalia simu. Nilifikiria kuikata. Nilifikiria maneno mengi sana, na nilikuwa na haki nayo yote. Halafu nikafikiria watoto wanaopanda gari hilo.

Nikamuuliza upana wa silinda. Hakuujua. Nikamwelekeza aupime vipi, nikasubiri kwenye simu akihangaika, nikamtajia kipimo, nikamfanya akirudie. Nikamwambia apime kila ringi kwenye silinda yake, asiruke hata moja. Alipomaliza akaanza kunishukuru, akataka kuendelea na habari nyingine.

"Mpe simu mwenye gari," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Nimwambie nani amekufundisha leo."

Akakata. Basi nikampigia Oliva, ambaye anaifahamu mitaa ya Iringa yote, na jioni ile mwenye Kosta alikuwa ameshalivuta gari lake kwenda kwa fundi mwingine.

Ndugu zangu, hasa akina dada mnaofanya kazi kwa mikono huku mwingine akisimama mbele kupokea sifa: nawasihi, semeni mapema kwamba kazi ni yenu. Semeni mbele ya mteja, mume akiwa anasikia. Atakayenuna na anune. Mkimwachia mtu avae jina lenu siku za heri, siku ya ajali atalivua na kuwatupia, na watu watasema amewahurumia. Na mkishtakiwa kwa kosa, msikimbilie kulia wala kushukuru kwa kusamehewa. Kwanza fungueni injini mjionee wenyewe kilichomo. Mimi nilichelewa kuifungua, na miezi ile ambayo baba yangu aliniambia weka hapo hakuna fundi atakayenirudishia.